Uhuru wa Marekani: Hadithi Tamu na Yaliyotokea

Tarehe 4 Julai 2026 ndiyo siku ya miaka 250 tangu makoloni 13 ya Amerika yatangaze kujitenga na Mfalme George wa Tatu. Sherehe za namna hiyo huzaa hotuba, na hotuba huzaa hadithi. Huku kwetu hadithi yenyewe ilishafika zamani kwa filamu, kwa vitabu vya shule na kwa mabishano ya vijiweni: wakulima wachache wenye bunduki za kuwindia waligoma kulipa kodi ya chai, wakajificha nyuma ya miti, wakamtimua Mwingereza, wakawa huru. Ina chembe za ukweli, ndiyo maana haifi. Lakini madai yanayoijenga ukiyashika moja moja, mengi yanakatikia mkononi. Nayachukua yale ninayokutana nayo mara kwa mara. Sitayapa nafasi sawa, kwa kuwa mengine yanamalizwa kwa sentensi chache na mengine yana shimo refu chini yake.

"Waliasi kwa sababu chai ilipandishwa bei"

Bei ilikuwa inashuka. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikuwa na zaidi ya ratili milioni 17 za chai ya China zimelala kwenye maghala yake, huku madeni yakiikaba koo. Mwezi Mei 1773 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Chai, ikiiruhusu Kampuni kupeleka mzigo Amerika moja kwa moja, kwa mawakala wake yenyewe, na kurudishiwa ushuru iliokwisha kulipa Uingereza. Ulibaki ushuru mmoja tu, wa peni 3 kwa ratili, unaotozwa bandarini Amerika tangu 1767. Hata ukiujumlisha huo, chai ya Kampuni ingeweza kuuzwa kwa bei ya kushindana na ile ya magendo iliyotoka kwa Waholanzi.

Sasa nani hukasirika bei ikishuka? Kwanza ni wenye magendo, na Boston hao hawakuwa vibaka wa vichochoroni. John Hancock, mwenye sahihi kubwa kuliko zote kwenye Azimio la Uhuru, alikuwa tajiri wa mji. Mwaka 1768 watu wa forodha waliikamata meli yake, Liberty, kwa tuhuma za kupitisha mvinyo wa Madeira bila kuulipia. Wa pili ni wafanyabiashara halali, walioona wanarukwa. Leo mawakala teule wa chai, kesho wa bidhaa gani? La tatu ndilo lililowagusa hata wasiouza chochote: kuinunua chai ile rahisi kulikuwa ni kukiri kwamba Bunge la London, ambamo hawakuwa na mbunge hata mmoja, lina haki ya kuwatoza. Waziri mkuu, Lord North, angeweza kuzifuta zile peni 3 na kuwanyang'anya wapinzani hoja. Alizibakiza makusudi, haki ya Bunge isije ikaonekana imeachwa.

Usiku wa 16 Desemba 1773, watu waliojipaka masizi na kujifanya Wamohawk walipanda meli tatu, Dartmouth, Eleanor na Beaver, wakapasua masanduku 342 na kumwaga chai yote majini. Kila mtu anaikumbuka Boston. Bandari nyingine zimesahauliwa. Philadelphia waliirudisha meli na mzigo wake. Charleston chai ilishushwa, ikafungiwa chini ya jengo la forodha, na baadaye waasi wakaiuza kugharimia vita, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la akili zaidi. Boston ndiyo iliyoharibu mali ya watu na ndiyo iliyoadhibiwa: tarehe 1 Juni 1774 bandari yake ikafungwa, na Massachusetts ikapunguziwa madaraka ya kujiendeshea mambo yake. Hapo ndipo London ilipokosea vibaya. Makoloni ambayo hayakuwa na habari na masanduku ya Boston yalianza kujiuliza zamu yao itafika lini, na Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12 wakaketi pamoja Philadelphia. Georgia pekee haikutuma mtu.

"Walikuwa wamekamuliwa kodi"

Mwingereza wa kawaida kwao alilipa kodi kubwa kuliko mlowezi wa Amerika, tena kwa mbali. Vita vya Miaka Saba, vilivyokwisha 1763, vilikaribia kuliongeza deni la Uingereza maradufu, na kwa sehemu vilipiganwa ili kuwaondoa Wafaransa migongoni mwa walowezi hao hao. Kuwataka wachangie hakukuwa wazimu. Ila walowezi walikuwa na mabaraza yao ya kutunga sheria, la Virginia likiwa la tangu 1619, na mabaraza hayo ndiyo yaliyozoea kupitisha kodi. Ushuru wa Stempu wa 1765 ulipita juu ya vichwa vyao ukayagusa magazeti, hati za mahakamani na hata karata za kuchezea. Ukitaka kelele, watoze siku moja wanasheria, wachapishaji na wacheza karata. Ushuru ulifutwa mwaka uliofuata, na papo hapo Bunge likatangaza kwamba lina uwezo wa kuwatungia walowezi sheria katika jambo lolote lile. Ugomvi ulikuwa juu ya nani anaamua, na kiasi cha pesa kilikuwa nyuma ya hapo.

"Walisimama wote kama mtu mmoja"

Picha hiyo ilichorwa baadaye. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika walowezi weupe karibu mmoja kati ya watano alibaki upande wa mfalme, na wengine wengi walikuwa wakiangalia upepo unaelekea wapi. Ufa uliingia hadi ndani ya nyumba. Benjamin Franklin, aliyekwenda Paris kuwaombea waasi silaha na mikopo, alikuwa na mwana aitwaye William, gavana wa mfalme huko New Jersey. Waasi walimkamata William, wakamfunga, wakamwachia, naye akaishia London. Mzee alipofariki mwaka 1790 hakumwachia urithi wa maana.

Kusini hali ilikuwa mbaya zaidi, jirani kwa jirani. Tarehe 7 Oktoba 1780, kwenye kilima cha Kings Mountain mpakani mwa Carolina mbili, watu karibu elfu mbili walipigana kwa muda unaokaribia saa moja. Kamanda wa upande wa mfalme, Patrick Ferguson, alikuwa Mskoti na akafia hapo. Karibu wengine wote, pande zote mbili, walikuwa watu wa Amerika. Vita vilipokwisha, watiifu wa mfalme wapatao 60,000 walihama, wengi wao kwenda Nova Scotia na sehemu nyingine za Kanada ya leo. Ukiviita vita vya wenyewe kwa wenyewe hutakuwa umekosea.

"Wakulima waliojificha nyuma ya miti walilishinda jeshi la mfalme"

Kuna siku moja hadithi hii ilikuwa kweli. Tarehe 19 Aprili 1775 askari 700 hivi walitoka Boston usiku kwenda kijiji cha Concord kukamata silaha zilizofichwa. Walipokuwa wanarudi walipigwa risasi njia nzima, kutoka nyuma ya kuta za mawe, miti na nyumba. Jioni jeshi la mfalme lilihesabu 273 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea. Upande wa pili ni 95. Filamu zinairudia siku hiyo kana kwamba vita vyote vilikuwa hivyo.

Mwaka uliofuata, New York, mambo yalikuwa mengine kabisa. Jenerali William Howe alikuwa na askari zaidi ya 30,000, wakiwamo Wajerumani wa kukodiwa. Tarehe 27 Agosti 1776, Long Island, aliuzunguka ubavu wa jeshi la George Washington na kulisambaratisha. Kilichowaokoa ni wavuvi wa Marblehead waliovaa sare, waliowavusha maelfu ya wenzao usiku kwa mashua, na ukungu uliotanda asubuhi kuwaficha wa mwisho. Ilipofika Desemba, Washington alibaki na watu elfu chache, na wengi wao mikataba yao ilikuwa inakwisha siku ya mwisho ya mwaka. Ushindi mdogo wa Trenton, tarehe 26 Desemba, ndio uliowapa baadhi yao sababu ya kubaki.

Kuhusu bunduki: ile ndefu ya mwindaji ililenga mbali, lakini ilichukua muda kuishindilia na haikuwa na singe. Uwanja wa wazi, mbele ya mstari wa askari wanaokuja mbio na singe mbele, mwindaji hupiga risasi moja kisha anatafuta pa kukimbilia. Jeshi lililohitajika lilikuwa la kujipanga, kugeuka na kushindilia kwa amri kama lile la adui. Februari 1778 aliwasili kambini Valley Forge Mprusi mmoja, von Steuben, ambaye Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga. Alianza na kikosi cha mfano cha watu mia moja hivi, akiwafundisha kwa mikono yake mwenyewe, akitukana kwa Kijerumani na Kifaransa na kumtaka msaidizi atafsiri. Waliohitimu wakawafundisha wengine. Miezi michache baadaye, huko Monmouth, Waingereza waliona tofauti.

Na adui aliyewaua zaidi hakuwa Mwingereza. Valley Forge peke yake watu wapatao 2,000 walikufa kwa maradhi bila kupigwa risasi. Kabla ya hapo ndui ilikuwa imelimaliza jeshi walilolipeleka kuiteka Quebec. Washington alikuwa ameugua ndui akiwa kijana, Barbados, mwaka 1751, kwa hiyo yeye hakuwa na wasiwasi nayo mwilini ila alikuwa nayo kichwani. Februari 1777 akaamuru jeshi lichanjwe. Kazi yenyewe ilitisha: askari anachanjwa mkononi, anapakwa usaha wa mgonjwa, anaugua ndui nyepesi, anatengwa kwa majuma. Ilibidi wafanye kwa makundi na kwa siri, Waingereza wasije wakajua kwamba vikosi vizima vimelala hoi. Boston ilikuwa imeijaribu njia hiyo tangu mlipuko wa 1721, na mmoja wa waliowapa habari zake ni Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa mchungaji Cotton Mather, aliyeitwa Onesimus. Alimweleza bwana wake kwamba kwao alikotoka alikwisha kuchanjwa. Katika yote yaliyoliweka jeshi la Washington hai, hili nalipa uzito mkubwa kuliko miti yote ya Massachusetts.

"Uhuru ulipatikana 4 Julai 1776"

Kongresi, lile baraza la wajumbe wa makoloni, ilipiga kura ya kujitenga tarehe 2 Julai, New York ikijizuia. Tarehe 4 ilipitishwa tu lugha ya tangazo. Wajumbe wengi walitia sahihi tarehe 2 Agosti. John Adams alimwandikia mkewe akiamini vizazi vijavyo vitasherehekea tarehe 2. Na hapo hakuna aliyekuwa amepata chochote: Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza inashusha askari New York, na ilikiri uhuru huo kwa mkataba wa Paris wa tarehe 3 Septemba 1783, miaka saba baadaye.

"Waingereza walishindwa kwa sababu majenerali wao walikuwa wapumbavu"

Makosa yalikuwapo, na moja lilikuwa kubwa. Mwaka 1777 Jenerali Burgoyne alishuka kutoka Kanada kuelekea mto Hudson ili kuitenga New England, na Howe, badala ya kupanda mto kumlaki, akaondoka kwa meli kwenda kuiteka Philadelphia. Burgoyne akakwama msituni, akazungukwa, na tarehe 17 Oktoba akasalimu amri Saratoga na karibu watu 6,000. London ilikuwa imeipitisha mipango yote miwili.

Lakini hebu itazame kazi waliyopewa. Bahari ya Atlantiki ilichukua majuma sita hadi kumi na mawili kuivuka. Amri ikitoka London leo, jenerali anaipata wakati hali aliyoiandikia imekwisha kubadilika. Chakula cha maelfu ya askari kilisafirishwa kutoka bandari ya Cork, Ireland, kwa sababu kila walipotoka kwenda kutafuta nyasi na ng'ombe vijijini waliviziwa. Howe aliiteka Philadelphia, mji uliokuwa makao ya Kongresi, na wajumbe wakafunga virago wakaenda kuketi mji mdogo wa York. Ulaya, kuuteka mji mkuu kulimaliza vita. Amerika hakukuwa na mji ambao ukiutwaa watu milioni mbili na nusu wanalala chini. Kila jimbo lilipotekwa ilibidi waliweke chini ya ulinzi, na walipoondoka, waasi walirudi jioni ileile kuwashughulikia waliowapokea.

Cornwallis, jenerali wa Uingereza aliyesalimu amri Yorktown mwaka 1781, baadaye alipelekwa India kuwa gavana mkuu na akamshinda Tipu Sultan. Mpumbavu hapewi kazi hiyo.

Washington alichelewa kulielewa jambo moja, lakini alipolielewa hakuliacha: miji inaweza kwenda, mapambano yanaweza kupotea, jeshi likibaki hai uasi nao uko hai. Alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Kazi yake ilikuwa kutomalizwa hadi upande wa pili uchoke kulipa.

"Walishinda peke yao" na mwenzake, "Ufaransa ndiyo iliyowashindia"

Haya madai mawili hugombana kila Julai, na kila moja linabeba nusu ya mzigo.

Kabla hata ya mkataba wowote, serikali za Ufaransa na Hispania zilikwisha kutoa livre milioni moja kila moja kwa kampuni bandia iliyoitwa Roderigue Hortalez, inayoendeshwa na Beaumarchais, mtunzi wa tamthilia ya kinyozi wa Seville. Kampuni hiyo ilipeleka bunduki, mizinga na baruti, na baadhi ya silaha hizo zilitumika Saratoga. Makoloni hayakuwa na viwanda vya kutosha vya kutengeneza baruti. Sehemu kubwa waliyoitumia miaka ya mwanzo ilitoka ng'ambo. Baada ya Saratoga, tarehe 6 Februari 1778, Ufaransa ikatia sahihi mkataba wa ushirikiano. Hispania ikaingia vitani 1779, Waholanzi 1780.

Hesabu ya Uingereza ikabadilika. Visiwa vya sukari vya Karibi vilikuwa na thamani machoni pa London kuliko New England nzima, kwa hiyo mwishoni mwa 1778 askari 5,000 walitolewa New York wakapelekwa kuiteka St Lucia. Gibraltar ikazingirwa. Pwani ya Uingereza yenyewe ikahitaji kulindwa. Uasi wa makoloni ukawa upande mmoja tu wa vita vya dunia.

Yorktown ndiyo mfano unaotajwa zaidi, na inastahili. Washington alitaka kushambulia New York. Rochambeau, kamanda wa Wafaransa waliotua Rhode Island, hakuafiki, na akamwandikia Amiri de Grasse aliyekuwa Karibi azielekeze meli zake ghuba ya Chesapeake. De Grasse alifika na meli kubwa za kivita 28, askari 3,000 na peso 500,000 zilizochangwa Havana. Tarehe 5 Septemba 1781 meli zake 24 zilipambana na 19 za Waingereza mdomoni mwa ghuba na kuzifukuza. Katika pambano hilo, ambalo ndilo lililomfungia Cornwallis mlango, hapakuwa na meli hata moja ya Marekani.

Siku hizohizo, majeshi yakishuka kwa miguu kwenda Virginia, askari wa Washington walianza kunung'unika. Noti za Kongresi zilikuwa hazina thamani tena, na Januari ya mwaka huo wenzao wa Pennsylvania walikuwa wameasi kwa ajili ya mishahara. Robert Morris, mtu wa fedha wa Kongresi, akaenda kukopa kwenye kasha la Rochambeau, na kila askari akapewa mshahara wa mwezi mmoja kwa sarafu. Joseph Plumb Martin, askari wa kawaida wa Connecticut aliyeandika kumbukumbu zake uzeeni, anasema hizo ndizo zilikuwa pesa za kuitwa pesa walizolipwa tangu mwaka 1776.

Basi wanaosema Ufaransa iliwashindia wamemaliza? Bado. Ushirikiano huo ulitiwa sahihi Februari 1778, na miaka mitatu na zaidi ikapita bila matunda vitani: shambulio la Newport 1778 lilivunjwa na dhoruba, la Savannah 1779 lilikuwa maafa. Muda wote huo jeshi la Washington lilipaswa kuwapo, lenye njaa na lisilolipwa. Na Cornwallis hakuanguka Yorktown kutoka mawinguni. Huko Carolina alikuwa akimfukuza Nathanael Greene, jenerali wa waasi, ambaye kwa shida utamtajia pambano aliloshinda, lakini kila pambano lilimgharimu Mwingereza watu asioweza kuwapata tena. Guilford Courthouse, tarehe 15 Machi 1781, Cornwallis alibaki na uwanja na kupoteza zaidi ya robo ya watu wake 1,900. Aliyebaki na uwanja alilazimika kukokota majeruhi hadi pwani kutafuta chakula, kisha akapanda Virginia. Wafaransa walifunga mlango, ila aliyemsukuma ndani ya nyumba ni Greene.

Siku ya kusalimu amri, 19 Oktoba 1781, Cornwallis alisema anaumwa na kumtuma naibu wake, Charles O'Hara. O'Hara akamwendea Rochambeau na upanga. Alitaka ionekane kwamba jeshi la mfalme limeshindwa na mfalme mwenzake, si na watu wa mashamba. Mfaransa akamwonyesha Washington. Washington naye hakuupokea upanga wa naibu. Akamwelekeza kwa naibu wake, Benjamin Lincoln, mtu ambaye mwaka mmoja na nusu nyuma Waingereza walimteka Charleston na kumnyima heshima za kijeshi. Zaidi ya askari 7,000 waliweka silaha chini. Ukitaka jibu la nani alishinda, mfuatano wa vidole vile unatosha.

"Yorktown ilimaliza vita"

Baada ya Yorktown Waingereza bado walikuwa na maelfu ya askari Amerika, na walizishikilia New York, Charleston na Savannah. Mfalme George alitaka kuendelea. Kilichokatika ni uvumilivu wa walipa kodi. Tarehe 27 Februari 1782 Bunge lilipiga kura 234 kwa 215 kupinga kuendelea kushambulia Amerika, na mwezi uliofuata Lord North akajiuzulu. Tofauti ya kura 19.

Kisha yakaja mazungumzo ya Paris, ambako Wamarekani waliwazidi ujanja marafiki zao. Franklin, John Jay na Adams walikubaliana na Waingereza tarehe 30 Novemba 1782 bila kumjulisha waziri wa Ufaransa, ingawa walikuwa wameagizwa wasifanye lolote bila yeye. Uingereza ikawapa nchi hadi mto Mississippi, zaidi ya waliyoishikilia kwa silaha. Wenye ardhi hiyo, mataifa ya wenyeji kama Washawnee na Waiorokwa waliopigania pande zote mbili, hawakualikwa mezani.

Bahari yetu ya Hindi nayo ilipata sehemu yake. Amiri Mfaransa Suffren, akitumia Mauritius ya leo kama ngome, alipigana na Waingereza kwenye pwani ya India, na moja ya mapambano ya mwisho ya vita vilivyoanza na askari 700 wa Massachusetts ilikuwa Cuddalore, Juni 1783. Waliuana hapo huku mapatano yakiwa yamekwisha kuandikwa Paris, kwa sababu habari ilikuwa bado njiani.

"Walipigania uhuru wa wote" na "walipigania kubaki na watumwa"

Katika kila watu watano wa makoloni hayo, mmoja hivi alikuwa mtumwa. Novemba 1775 gavana wa mfalme huko Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaomkimbilia na kushika silaha watakuwa huru. Watumwa wa watiifu hakuwataja, na yeye mwenyewe alikuwa nao. Tangazo hilo liliwasukuma wenye mashamba wengi wa Kusini kwenye uasi. Lakini wanaosema utumwa ndio uliouanzisha wanaruka miezi saba: damu ilikwisha kumwagika Massachusetts mwezi Aprili, kwa ugomvi uliokuwa ukichemka tangu stempu. Sababu za Boston hazikuwa zile za Virginia, na anayetaka sababu moja kwa makoloni 13 atalazimika kukata vidole vya watu vitoshe glavu.

Waafrika walichagua upande uliowapa nafasi. Wanakadiriwa 5,000 waliopigana upande wa waasi, na Rhode Island iliunda kikosi kilichoandikisha watumwa kwa ahadi ya uhuru. Wengi zaidi walikimbilia kwa Waingereza. Mmoja wao alikuwa Harry Washington, mzaliwa wa Afrika Magharibi na mtumwa wa George Washington shambani Mount Vernon, aliyemtoroka bwana wake vita vilipoanza. Mwaka 1783 jenerali Washington alidai kwa Waingereza waliokuwa wakiondoka New York warudishe watumwa. Kamanda wao, Guy Carleton, akakataa, na majina ya watu weusi wapatao 3,000 yakaandikwa kwenye daftari kabla ya kupanda meli. Harry alikuwamo. Alipelekwa Nova Scotia, kwenye baridi na ardhi ya mawe, na mwaka 1792 akavuka tena bahari na watu karibu 1,200 waliokwenda kuanzisha Freetown, Sierra Leone. Huko kampuni ya Kiingereza iliyotawala makazi hayo ikawatoza kodi ya ardhi waliyoahidiwa bure. Mwaka 1800 walowezi wakaasi. Uasi ulizimwa, na Harry Washington akahukumiwa kufukuzwa. Bwana wake wa zamani alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, akisifiwa dunia nzima kwa kukataa kodi ya namna hiyo.

"Ni ukombozi kama wetu"

Dai hili husemwa kwa nia njema, na mabalozi hulipenda. Walioasi 1776 walikuwa walowezi na wajukuu wa walowezi. Walikuwa na mabaraza yao, magazeti yao na mashamba yenye watumwa, na moja ya malalamiko yao ni kwamba London, tangu tangazo la 1763, iliwazuia kuingia kwenye ardhi ya wenyeji ng'ambo ya milima ya Appalachia. Tanganyika ya 1961 haikuwa na lolote la kufanana na hapo isipokuwa bendera ya anayeondoka.

Maneno ya Azimio lao ni jambo lingine, kwa sababu maneno huchukuliwa na yeyote. Ho Chi Minh aliyafungulia hotuba yake ya uhuru wa Vietnam tarehe 2 Septemba 1945, yakiwamo yale ya usawa wa binadamu wote. Miaka 20 baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia waliiga muundo uleule wa 1776 kujitangazia uhuru wao, na tarehe 15 Desemba Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kushindwa kuwazuia. Smith alilifuata lile Azimio kwa karibu, ila aya ya usawa wa binadamu aliiacha nje.